Mali ya Umma Igawiwe Hadharani
(Mada kwa wajumbe wa Haki na Amani wa parokia)



Ndugu wapendwa, Matendo ya Mitume, sura ya 6, yatueleza kwamba hata Kanisa la kwanza lilipatwa na manung'uniko juu ya mgawo. Wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliwakusanya waumini, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema waisimamie kazi ile. Kosa liligunduliwa kwa kuwa mgawo ulifanyika mbele ya macho ya watu.

Leo natoa mfano wa nchi tajiri. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga shule na mikahawa ya Marekani, wakulima wengi walikosa pa kupeleka mazao. Maziwa yalimwagwa, mboga zikafukiwa shambani, nguruwe wakauawa bila kuliwa. Mwezi Aprili serikali ilitangaza mpango wa dola bilioni 19: bilioni 16 za kuwalipa wakulima moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua vyakula vya kuwagawia wahitaji. Septemba ilitangaza nyongeza ya hadi bilioni 14. Msaada huo ulikuwa wa haki, kwani mkulima hakuuleta ugonjwa.

Lakini ni nani aliyepata? Malipo yalipimwa kwa wingi wa mazao na mifugo. Basi mwenye shamba kubwa alipata zaidi. Kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja, ila kampuni yenye wanahisa watatu waliolifanyia shamba kazi iliweza kufikia dola 750,000. Machi 2021, Waziri wa Kilimo, Tom Vilsack, alieleza kwamba wakulima Weusi walikuwa wamepata kama asilimia 0.1 tu ya fedha za msaada huo. Kama hesabu zingefichwa, nani angeliuliza swali hilo?

Mwaka uleule palikuwa na mpango mwingine, wa mikopo ya kulipia mishahara, ambao wenye mashamba pia waliutumia. Idara iliyousimamia ilikataa kwanza kutaja majina. Julai ilitaja waliokopa dola 150,000 na zaidi, bila kueleza kiasi kamili. Vyombo vya habari vilikwenda mahakamani. Novemba mahakama iliamuru, na Desemba majina na viasi vikatolewa.

Wapo wasemao: je, mkulima hana siri yake? Anayo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 yakataza kutangaza habari za shamba ambazo mkulima ameipa serikali, lakini haifichi jina la aliyelipwa wala kiasi alicholipwa. Huko Ulaya, mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni za kutangaza jina la kila mtu binafsi apokeaye fedha za kilimo, bila kujali kiasi. Kanuni zilizofuata zilirudisha utangazaji, zikawasitiri wapokeao kidogo. Hii ni busara: mnyonge astiriwe, fedha ya umma ionekane.

Mtume Paulo, alipochanga sadaka kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, hakutaka kuibeba peke yake. Alifuatana na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, asije akalaumiwa. Alitaka mambo yawe mema mbele ya Bwana na mbele ya wanadamu pia. Ikiwa Mtume alikubali kuangaliwa, kiongozi gani wa leo atakayeona kuulizwa ni kudharauliwa?

Basi, mahindi ya msaada au mbolea ya ruzuku ikifika kijijini petu, tuulize mambo matatu. Vigezo vimesomwa mbele ya watu kabla ya mgawo? Orodha ya mafungu imebandikwa panapoonekana? Aliyerukwa apeleke malalamiko kwa nani? Tuulize kwa upole, wala tusinyamaze. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lililofungiwa kabatini lina faida gani kwa mjane aliyesahauliwa?

Mungu awabariki.