Kiti cha Heshima na Miguu ya Mzee
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nashukuru kwa kupewa nafasi niseme machache juu ya jambo lituhusulo sote, nalo ni jinsi mtu atumiavyo siku zake akiisha kustaafu.

Desturi yetu ni njema. Mzee afikapo huletewa kiti. Atakapo maji, mjukuu hukimbia. Lakini jembe tulilompokonya kwa upendo, tumempa nini badala yake? Mtumishi aliyekwenda kazini kwa miguu miaka mingi hustaafu Ijumaa, na Jumatatu yuko barazani. Asubuhi redio, mchana usingizi, jioni maongezi. Haupiti muda mrefu, hawezi kuinuka ila ashike meza. Twasema ni uzee. Pengine ni kiti.

Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva aliketi kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ilionekana kwamba maradhi ya moyo yaliwapata makondakta kwa uchache kuliko madereva. Basi lilikuwa moja, bali miguu haikufanya kazi moja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, lawashauri wenye miaka 65 na zaidi wajishughulishe kwa kadiri muda wa dakika 150 hadi 300 kila juma. Tena, siku 3 au zaidi, wafanye mazoezi ya kuimarisha nguvu na usawa wa mwili, ili wasianguke. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku 5. Kwenda sokoni kwa haraka kidogo, kupalilia, kuinuka kitini mara kadhaa pasipo kushika kitu: yote yamo. Asiyeweza yote na afanye awezayo. Na mwenye ugonjwa wa moyo au kizunguzungu amwone daktari kwanza.

Tusiwasahau mama zetu. Aghalabu wao hawakupewa kiti hicho. Hata leo wengi huchota maji na kubeba kuni. Kwao shauri langu ni kinyume: wapunguziwe mzigo.

Bwana Mwenyekiti, chama chetu huchanga kwa ugonjwa na mazishi, na ni wajibu. Naomba sasa tumchangie mzee angali hai, si shilingi, bali nusu saa. Kamati na iweke siku 2 katika juma, wazee wa kila mtaa watembee pamoja, na kijana mmoja aandamane nao.

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi naongeza: asiyetembea huila upesi zaidi.