Bibi Hajakataa Chakula, Jino Linamuuma

Leo tuongee kuhusu meno. Najua mtasema, "Aa, meno tena? Tulishafundishwa shule ya msingi." Subirini kidogo. Siongelei meno yako wewe. Naongelea ya bibi na babu pale nyumbani.

Bibi yangu aliishi Arumeru, chini ya Mlima Meru. Alianza kusahau majina yetu, baadaye akawa hajui hata kama ameshakula. Kisha akaanza kusukuma sahani na kupiga kelele usiku. Majirani wakasema amerogwa. Sisi tukasema ni uzee tu. Siku moja shavu likavimba. Kumbe jino limeoza na kutunga usaha! Aliumwa siku zote hizo, ila hakuwa na maneno ya kutuambia.

Kusahau kwa namna hiyo si uchawi, wala si uzee wa kawaida. Ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa demensia. Mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi wilayani Hai, jirani zetu wa Kilimanjaro. Walikuta kama 6 kati ya kila 100 wanao.

Mgonjwa husahau kupiga mswaki, na jino likiuma hawezi kueleza. Basi wewe uwe macho yake. Je, anashikashika shavu? Anatafuna upande mmoja? Anakataa chai ya moto? Ufizi umevimba? Mpelekeni kwa daktari wa meno, msingoje. Aende na mtu anayemzoea, na daktari aambiwe mapema kuhusu ugonjwa wake na dawa anazotumia.

Nilifanya kosa jingine. Meno ya bibi yalikuwa ya kahawia, kama ya wengi tuliokulia huku. Nikayasugua kwa mkaa nikidhani ni uchafu. Aliumia, na tangu hapo akiona mswaki anafunga mdomo. Rangi ile hutokana na floraidi nyingi kwenye maji ya eneo hili la volkano. Huingia jino likiwa bado linakua, utotoni. Ukisugua mpaka kesho haitoki!

Sasa ufanyeje?

- Mwamkie kwanza, mweleze unachotaka kufanya. Chagua saa ile ile kila siku.
- Tumia mswaki laini na dawa kidogo, kama punje ya njegere.
- Piga wako mbele yake, aige. Au ashike mswaki, nawe umshike mkono umwongoze.
- Akikataa, acha. Rudi baadaye. Usimlazimishe wala kumtia vidole katikati ya meno.
- Kama ana meno ya bandia, yatolewe usiku, yasafishwe, yalazwe kwenye maji.

Bibi aling'olewa lile jino. Siku chache baadaye alimaliza sahani nzima ya ndizi. Jina langu hakulikumbuka, lakini kelele za usiku ziliisha.

Jioni ukifika nyumbani, sema, "Shikamoo bibi." Akiitikia, mwombe afungue mdomo, uangalie. Haya, kwaherini!