TUSIHARAKISHE VIGAE VYA ZAHANATI
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanaushirika, kabla ya kazi ya kujitolea)



Vigae vya chumba cha kujifungulia vimefika. Wanakisomo walipiga hesabu ubaoni: kuta zote mita 12, mlango haumo, na tunapanda mita 1 na nusu. Kigae ni sentimita 20 kwa 30. Tukivisimamisha ni mistari 5, kila mstari vigae 60, jumla 300. Tumeongeza 30 vya kukatwa na kuvunjika. Pesa ya vingine hatuna mpaka mavuno, kwa hiyo tusikilizane.

Wapo wanaosema eti tubandike juu ya chokaa ya zamani ili chumba kifunguliwe Jumatatu. Hapana, ndugu. Kigae kitashika chokaa, lakini chokaa yenyewe haikushika ukuta. Siku moja kitabanduka kimwangukie mzazi. Chokaa ikwanguliwe yote mpaka lipu ionekane. Lipu inayobomoka itolewe, ipigwe mpya, imwagiwe maji siku 7, kisha iachwe ikauke.

Mstari wa kwanza tusiufuatishe sakafu, maana sakafu yetu imeinama, kila mtu anajua. Tutapigilia ubao kwa pima-maji, vigae viukalie. Vya chini kabisa vitakuja mwisho, vikatwe kwa kipimo. Vigae hivi ni vya udongo, vinakunywa maji. Vilowekwe nusu saa, visimamishwe vichuruzike. Kikibandikwa kikavu kitanyonya maji ya saruji kabla haijashika. Mchanga uchekechwe, ndoo 3 kwa ndoo 1 ya saruji, na ipakwe mgongo mzima wa kigae, siyo matonge pembeni tu kama tunavyoona kwenye nyumba nyingine huko mjini. Katikati ya vigae tutachomeka njiti za kiberiti. Kesho yake tugonge kimoja kimoja kwa kidole. Kinacholia kama debe tupu kibanduliwe.

Sasa mianya. Tumetaka vigae kwa sababu ukuta wa chokaa hunywa damu na hausafishiki. Mwanya wenye tundu nao utakunywa vilevile, hata kigae king'ae namna gani. Tungoje saa 24. Saruji nyeupe ikorogwe kama uji mzito, isukumwe ndani kwa kipande cha kandambili, mkono ukienda mshazari ili usiichomoe tena. Baada ya robo saa tufute kwa sifongo iliyokamuliwa. Siku 3 zinazofuata mianya inyunyiziwe maji kidogo.

Watoto wasichezee saruji, inaunguza ngozi.

Kukwangua ni Jumamosi saa 1 asubuhi. Kila balozi alete watu wanne. Maji tutachota wote, wanaume na wanawake. Safari iliyopita akina mama waliachiwa peke yao, na jambo hilo tumelikataa kwenye kikao. Siku ya kufungua chumba itatangazwa hapa ubaoni vigae vyote vikishagongwa.