Wasiobonyeza Nao ni Wasikilizaji



Wahitimu wetu wa uandishi wa habari, mnaingia kazini wakati mhariri hangojei tena barua za wasikilizaji. YouTube Studio humwonyesha dakika ambayo watazamaji walianza kuondoka. Google Trends, iliyoanza mwaka 2006, humwambia ni lini watu walianza kulitafuta neno fulani. Zitumieni zana hizi bila woga, lakini jueni zinapima nini. Ile 100 ya Google Trends si watu mia wala milioni. Ni kilele cha utafutaji katika kipindi na mahali mlipochagua, na namba nyingine zote zinalinganishwa nacho.

Wingi nao hupotosha. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatabiri ushindi wa Landon katika uchaguzi wa rais. Mpinzani wake, Roosevelt, akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, tena wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na waliorudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza.

Kwetu walionyamaza ni wengi. Simu moja inawekwa katikati ya baraza, watu sita wanasikiliza taarifa, zana inahesabu mmoja. Anayepalilia huku redio ya betri ikilia kando yake haonekani kabisa. Na klipu ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp, hamwezi tena kuifuata.

Radio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohimiza uzazi wa mpango, mwaka 1993, watafiti walifanya jambo ninalowasihi mlisome. Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi 1995, hivyo wakapata mahali pa kulinganishia. Wakahoji watu majumbani; kwenye kliniki za uzazi wa mpango wateja wapya wakaulizwa kilichowaleta. Hawakutosheka kujua nani kasikia. Walitaka kujua amebadili nini maishani mwake, na hilo hakuna kubonyeza kunakolieleza.

Tena zana hizi si zetu. CrowdTangle, zana ya kufuatilia yanayosambaa mitandaoni iliyotegemewa na watafiti wengi duniani, ilifungwa na Meta Agosti 2024, na kazi nyingi zikakwama. Ujuzi wa kuuliza swali na kusikiliza jibu hakuna kampuni itakayowafungia.

Kwa hiyo, wahitimu wetu, mtakapopewa kazi ya kuchunguza hadhira, mwombeni mwajiri nauli pamoja na bando. Nendeni Liwale, nendeni Kibondo, mkawaulize watu wanasikiliza nini, wakiwa na nani, na wanakiamini kwa kiasi gani.