Gharama ya Usiku Mmoja wa Nyimbo

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Mlandege, Unguja.



Nimeombwa nizungumze juu ya sherehe na mashindano ya nyimbo ya kimataifa yanayorushwa na televisheni, na hasa juu ya gharama inayombebesha mwenyeji wake. Yumkini wapo watakaouliza jambo hilo linatuhusu nini sisi wa Mlandege. Linatuhusu, na tena kwa karibu. Tarehe 26 Februari 2025 tuzo za muziki za Trace, ambazo mara ya kwanza zilitolewa Kigali Oktoba 2023, zilitolewa katika hoteli moja ya kitalii pwani ya kaskazini-mashariki ya kisiwa hiki. Siku kumi tu kabla ya hapo lilikuwa limemalizika tamasha la Sauti za Busara katika Mji Mkongwe. Kwa mwezi mmoja, basi, Unguja ilikuwa mwenyeji wa sherehe mbili za muziki za kimataifa. Waliozitazama wamekwisha kusema kama zilifana au hazikufana. Kwetu sisi yapo maswali matatu: nani hulipa, hulipia nini, na wageni wakishaondoka hubaki nini?

Tuanze na sherehe kubwa kuliko zote za namna hii, mashindano ya nyimbo ya Eurovision. Yalianza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, kwa nchi 7 tu. Desturi yake ni kwamba nchi inayoshinda ndiyo inayoandaa mwaka unaofuata. Kwa hiyo ushindi wenyewe ni deni. Ireland ilishinda mara tatu mfululizo, 1992, 1993 na 1994, na kila ushindi uliilazimu televisheni ya taifa ya nchi ile ndogo kutafuta fedha za mwaka mwingine wa kukaribisha Ulaya nzima. Mwaka 2022 ilishinda Ukraine, lakini kwa sababu ya vita haikuweza kuandaa. Uingereza ikaandaa kwa niaba yake mjini Liverpool, Mei 2023, kwa nchi 37. Serikali ya Uingereza peke yake ilitoa pauni milioni 10, mbali na zilizotolewa na mji wenyewe na shirika la utangazaji la BBC. Watazamaji walihesabiwa kuwa milioni 162.

Sasa tupige hesabu nyepesi ya darasani. Wimbo mmoja katika mashindano yale hauruhusiwi kuzidi dakika 3, na katika fainali ya Liverpool ziliimbwa nyimbo 26. Hizo ni dakika 78. Ndugu zangu, fedha zote zile hazikununua dakika 78 za kuimba. Zilinunua ukumbi uliofungwa wiki kadhaa kwa matayarisho, taa, vipaza sauti, kamera, mafundi, ulinzi, usafiri na malazi ya wajumbe wa nchi 37, na mitambo ya akiba ya kila kitu. Sherehe inayorushwa moja kwa moja haina kesho: jambo likiharibika, limeharibika mbele ya dunia. Usione vyaelea, vimeundwa.

Hapo ndipo tunapopaswa kujitazama. Zanzibar si mgeni wa televisheni. Televisheni yetu ilianza Januari 1974, tena ya rangi, ikiwa ya mwanzo ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Wala si mgeni wa muziki. Nadi Ikhwan Safaa iliasisiwa mwaka 1905; Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili; Bi Kidude alipewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005. Hatuhitaji sherehe ya kigeni ije kututhibitishia kwamba tunajua kuimba.

Lakini tuseme kweli: umeme wa Unguja hutegemea waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima. Kisha, kuanzia Desemba 2009, giza lilirudi na kukaa hadi Machi 2010. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013 na hali ikawa afadhali. Hata hivyo, mtu yeyote anayetaka kurusha picha duniani kutoka hapa, lazima aweke majenereta pembeni, na mafuta ya majenereta yale ni sehemu ya gharama ya kila wimbo. Mwenyeji mwenye uwezo mdogo hulipa zaidi kwa jambo lile lile, kwa sababu yale ambayo Liverpool iliyakuta yapo tayari, yeye huanza kwa kuyajenga au kuyakodi. Na kitu cha kukodi, ndugu zangu, huondoka na mwenyewe.

Afrika tunayo kumbukumbu kubwa katika jambo hili. Mwaka 1977 Nigeria iliandaa tamasha la sanaa na utamaduni la watu weusi mjini Lagos, maarufu kwa jina la Festac. Zilikuja nchi zaidi ya 50, na washiriki zaidi ya 15,000. Nigeria wakati ule ilikuwa na fedha za mafuta, nayo ikajenga jumba kubwa la sanaa na mji mzima wa kulaza wageni. Waliolalamikia gharama walikuwa wengi, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini tazameni kilichobaki. Mji ule wa wageni uligeuzwa makazi ya wananchi, na watu wanaishi humo hadi leo. Jumba la sanaa, kwa upande wake, lilichakaa kwa miaka mingi, hata katika miaka hii ya 2020 mabenki ya Nigeria yakalazimika kuingia kulikarabati. Nyumba zilipata watu wa kuzitumia kila siku, jumba halikupata. Na hiyo ndiyo tofauti yote.

Mfano wa aina ile ile tunao hapa karibu. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa Desemba 2023, na Agosti 2025 ukapokea mechi za mashindano ya CHAN. Lakini haukusubiri wageni wa CHAN ili uwe na kazi. Tarehe 13 Januari 2024 vijana wa Mlandege waliifunga Simba hapo hapo bao 1 kwa 0 na kulichukua Kombe la Mapinduzi. Uwanja ule utabaki na kazi yake mwaka ambao hakuna mgeni hata mmoja. Hicho ndicho kipimo chetu.

Tukiupima muziki kwa kipimo hicho hicho, hali inatia wasiwasi. Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, nalo limewaleta Mji Mkongwe wanamuziki wa Afrika nzima mwaka baada ya mwaka. Lakini mwaka 2016 halikufanyika, kwa kukosa fedha. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambako kijana wa Unguja hufundishwa qanuni, udi na fidla, kilifikia karibu kufungwa mwaka 2019 kwa sababu hiyo hiyo. Ni jambo la ajabu kwamba inawezekana kupatikana fedha za kuwasha taa za usiku mmoja, na zisipatikane za kumlipa mwalimu wa muziki kwa mwaka.

Wapo watakaojibu kwamba sherehe ni tangazo, na tangazo huleta watalii. Hoja hiyo ina uzito wake, wala haifai kubezwa. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na wengi wa ndugu zetu hupata riziki kwao. Lakini tangazo nalo ni bidhaa, na kila bidhaa ina bei na ina faida yake inayoweza kuhesabiwa. Hoteli ikijaa wakati wa sherehe, mwenye hoteli anajua amepata kiasi gani. Mama anayeuza samaki Darajani na kijana anayeendesha daladala nao waambiwe wamepata nini, ikiwa kodi yao imetumika.

Wenzetu wa Basel, Uswisi, wametuonesha njia. Walipopewa zamu ya kuandaa Eurovision ya mwaka 2025, fedha za mji, takriban faranga milioni 35, zilipelekwa mbele ya wananchi wapigiwe kura. Tarehe 24 Novemba 2024 theluthi mbili ya waliopiga kura walikubali. Walikubali wakiijua bei. Hiyo ndiyo heshima anayostahili kila mlipa kodi, awe tajiri wa Uswisi au mkulima wa Makunduchi.

Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti, sisemi tufunge mlango. Ukarimu ni tabia yetu, na muziki ni mali yetu. Nasema mambo matatu. Kwanza, kila sherehe itakayotumia fedha za umma itangaziwe hesabu yake kabla, na itolewe taarifa yake baada, kwa Kiswahili ambacho kila raia atakisoma. Pili, pawe na kitu cha kudumu kitakachobaki: mitambo ya sauti, mafundi waliofunzwa, ala kwa skuli zetu. Tatu, fungu la mwenye nyumba litengwe kabla ya karamu ya mgeni. Yaani tamasha letu na chuo chetu cha muziki vipate uhakika wa mwaka mzima.

Ninyi watumishi wa umma ndio mnaoandika makadirio. Ninyi walimu ndio mnaowafundisha watoto kujumlisha na kutoa. Waheni wa mwanzo wa maswali haya ni ninyi, na msione haya kuyauliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo walivyosema wazee wetu, nao hawakusema mgeni aje, mwenyeji afilisike.