Mtoto Akichaguliwa Shule ya Mbali



Katika sherehe hii ya hekalu letu nimeombwa kusema machache juu ya elimu. Nitaeleza swali nililoletewa dukani na jirani yangu. Binti yake amechaguliwa kuingia kidato cha tano Kilakala, Morogoro, mojawapo ya shule za serikali za vipaji maalumu, pamoja na Msalato, Kibaha, Mzumbe, Ilboru na zile mbili za Tabora. Mama akaniuliza: “Mzee wangu, si afadhali asome hapa karibu awe wa kwanza, kuliko kwenda ugenini akawe wa thelathini?”

Swali hilo halistahili kudharauliwa. Mtaala ni uleule, na mtihani ni uleule wa Baraza la Mitihani. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa mwaka 2022, lakini nauli, godoro na madaftari yamebaki juu ya mzazi; na kutoka hapa Kasanga hadi Sumbawanga tu ni zaidi ya kilomita 100.

Basi faida iko wapi? Iko kwa wenzake atakaoketi nao. Mimi niliishia kidato cha nne. Nilikuwa wa kwanza darasani, kisha nikashika mizani ya duka la baba. Riziki nimeipata, namshukuru Mungu. Lakini sikupata kuketi na walionizidi, na kipimo changu sikijui hadi leo. Jambo hilo hunirudia usiku.

Nilimjibu: muulize binti mwenyewe. Ikiwa anafuata sifa ya jina la shule, abaki, kwa maana siku atakapokuwa wa thelathini atavunjika moyo. Ikiwa analipenda somo lenyewe, mwache aende. Na akirudi likizo, usimuulize amekuwa wa ngapi, muulize amejifunza nini.

Ndugu zangu, sisi huweka vitabu na kalamu mbele ya Mama Saraswati ili vibarikiwe. Sijapata kuona mtu akiweka pale orodha ya matokeo.

Juzi mama alinijulisha kwamba binti ameamua kwenda. Nauli yake tumekwisha kuichanga, waumini na majirani pamoja. Mwakani akichaguliwa mwingine, asikose kwenda kwa sababu ya nauli.