Chema Nacho Chahitaji Kuonekana: Maneno Juu ya Kujiandaa Kutafuta Kazi

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ya Chama imeniagiza niseme maneno machache juu ya vijana wetu na kutafuta kazi. Nashukuru kwa heshima hiyo. Mimi ni karani, na kwa miaka kadhaa sasa barua za watu wanaoomba kazi hupita mezani pangu kabla ya kumfikia mkuu wa afisi. Kwa hiyo nitakayoyasema si elimu kubwa. Ni mambo ambayo karani yeyote huyaona kila siku, ila mara nyingi hapewi nafasi ya kuyasema.

Wazee wametuachia neno lisemalo: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hilo ni la kweli. Lakini hata embe zuri haliuziki likiwa ndani ya kapu lililofunikwa. Mwuzaji hulitoa, akalifuta vumbi, akaliweka juu ya mkeka pahali ambapo mpita njia ataliona. Vijana wetu wengi ni wema, tena wana ufundi, lakini wamo ndani ya kapu. Basi shauri langu leo ni moja tu: kijana anayetafuta kazi ajiandae kwa ushahidi wa mambo aliyokwisha kuyafanya, ushahidi wa kweli, tena ulioandikwa. Huo ndio utakaomtenga na wenzake mia wanaoomba nafasi ile ile.

Kazi na karatasi vimefuatana kwa muda mrefu katika nchi yetu. Neno kibarua latokana na barua. Zamani mtu wa kazi ya siku alipewa kijikaratasi, akakirudisha alipolipwa ujira wake, na hatimaye jina la karatasi likawa jina la mtu mwenyewe. Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumiwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Ndani yake mliandikwa jina la mwajiri, tarehe na mshahara, na mtu ambaye bwana wake hakutia sahihi ya kumwachilia alipata taabu kubwa kuajiriwa pengine. Baada ya malalamiko ya miaka mingi utaratibu huo uliondolewa mwaka 1947.

Nawakumbusha hayo kwa sababu wako miongoni mwetu ambao bado huogopa karatasi za kazi, kana kwamba zote ni kipande. Siyo hivyo tena. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaamuru kwamba mtu anapoacha kazi, ikiwa ametumika kwa majuma manne mfululizo au zaidi, mwajiri ampe cheti cha utumishi. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, siku aliyomaliza, aina ya kazi, na mahali alipoifanyia. Mpishi wa nyumbani ana haki ya cheti hicho sawasawa na karani wa benki. Hata hivyo ni watu wangapi katika mkutano huu waliotumika miaka mitano au kumi, wakaondoka mikono mitupu, wakiwa na maneno ya mdomo tu kwamba walifanya kazi?

Yafaa pia kuujua mpaka wa sheria hiyo. Mwajiri halazimishwi kuandika sifa za mtu, wala kusema kwamba alikuwa mwaminifu au hodari. Cheti cha utumishi ni haki, lakini barua ya sifa ni hisani. Kwa hiyo mwenye busara huiomba wakati mambo yangali mazuri kati yake na mkubwa wake, wala hangoji mpaka siku ya kugombana.

Sasa nitaje mambo ambayo kijana ayaandae mapema, kabla hajasikia kwamba kazi imetangazwa. Kwanza ni kitambulisho cha taifa na nambari ya ushuru. Pili ni vyeti vya shule na vya mafunzo; vyenyewe vihifadhiwe nyumbani mahali pakavu, na yeye atembee na nakala. Tatu ni kwa wale waliojifunza kwa mafundi bila kuingia chuoni, kama waashi, maseremala, mafundi wa magari na washonaji. Hao wasidhani kwamba hawana cheti cha kutafuta. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, inayojulikana kwa jina la NITA, hupima ufundi kwa mitihani ya madaraja, kuanzia la tatu, kisha la pili, hata la kwanza. Mwashi aliyejenga nyumba kumi bila cheti, na mwashi aliyejenga nyumba mbili akawa na daraja la tatu, wakifika mbele ya mwajiri asiyewajua, mara nyingi wa pili ndiye atakayeitwa.

Lakini si kila karatasi yapasa kununuliwa mapema. Zamani vijana walitakiwa wapeleke vyeti vya tabia njema kutoka polisi, vya ushuru, vya mkopo wa masomo na vinginevyo pamoja na barua ya kuomba kazi. Walitumia fedha nyingi, na kazi yenyewe wasipate. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalimzuia mwajiri kudai vyeti vya namna hiyo kwa mwombaji ambaye hajakusudia kuandikiana naye mapatano ya kazi. Basi mzazi asiuze mbuzi kwa ajili ya vyeti hivyo kabla mtoto hajachaguliwa.

Nije kwenye barua yenyewe. Nafasi moja ikitangazwa, barua huja tele. Nyingi zasema maneno yale yale: mimi ni kijana mwenye bidii, mwaminifu, mwenye kupenda kazi. Maneno hayo si mabaya, ila hayamwambii mkuu wa afisi jambo lolote, kwa kuwa hata mvivu aweza kuyaandika. Tazameni tofauti hii. Mmoja aandika, “Nina ujuzi mwingi wa kazi ya ghala.” Mwingine aandika, “Kwa miaka miwili nilipokea na kutoa magunia ghalani, nikayaandika daftarini kila jioni, na hesabu ya mwisho wa mwezi ilikuwa juu yangu.” Huyu wa pili hakujisifu hata kidogo, lakini twamwona akifanya kazi. Barua yake itawekwa kando ili isomwe tena.

Mwombaji alisome tangazo mara mbili au tatu, ajibu lililoulizwa. Ikiwa wamtaka mtu wa kuendesha gari, aseme ana leseni ya aina gani na ameendesha magari gani; habari za uimbaji wake wa kwaya aziache. Maelezo ya maisha na kazi yake yasizidi kurasa mbili. Nambari ya simu iwe ile ambayo hupatikana kweli, kwa maana nimewahi kumpigia mtu aliyechaguliwa kwa siku tatu bila kumpata, na nafasi akapewa wa pili yake. Na wale anaowataja waulizwe habari zake, awaombe ruhusa kwanza, ili wasishtuke wakiulizwa.

Akiitwa kwa mahojiano, atafute kwanza kujua kampuni ile hufanya nini, humwuzia nani, na iko wapi. Afike mapema, amevaa nguo safi za kawaida. Akiulizwa asilolijua, aseme halijui, na kwamba yu tayari kufundishwa. Nimekaa katika mahojiano kama mwandishi wa kumbukumbu, nami nasema kwamba jibu hilo halikumwangusha mtu mara nyingi kama lilivyomwangusha uongo uliogunduliwa kwa swali la pili.

Juu ya uongo sina budi kusema zaidi. Katika mwezi wa Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi ulikuwa umewapata watumishi zaidi ya 2,000 wenye vyeti vya bandia. Watu wa namna hiyo hawapotezi kazi tu. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi imewashtaki baadhi yao mahakamani ili warudishe mishahara waliyoipokea kwa miaka yote. Fikirini mtu wa makamo, mwenye watoto shuleni, akidaiwa mshahara wa miaka kumi alioukwisha kuula! Alama ndogo ya kweli ni bora kuliko alama kubwa ya kununua.

Na wako wauzaji wa kazi zenyewe. Wazee wajua kwamba hata katika Chama hiki zimekuja familia kuomba msaada, baada ya kumpa fedha mtu aliyeahidi kazi ng'ambo au jeshini, naye akazima simu. Fedha zile zilichangwa na shangazi na wajomba, na nyingine zilikopwa. Kuandikishwa jeshini hakulipiwi. Ama kwa kazi za ng'ambo, iko Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, nayo ina orodha ya mawakala walioandikishwa. Kabla ya senti moja kutoka mfukoni, jina la wakala litafutwe katika orodha hiyo. Lisipoonekana, mazungumzo yaishie hapo.

Wazee wangu, sasa naomba ruhusa niseme neno moja kwenu, nami nalisema kwa adabu. Mara nyingi mzazi huja akisema, “Mshike mkono kijana wangu, umsemee kwa mkubwa wako.” Jambo hilo ni la undugu, wala silidharau. Lakini neno la mzee ni kama akiba. Tukimsemea kijana asiye tayari, akaingia, akashindwa, neno letu limetumika bure, na kijana wa pili, aliye hodari, atapigwa mlango kwa ajili ya wa kwanza. Basi tumsemee yule ambaye tumeiona kazi yake, tuseme tuliyoyaona, tusizidishe. Mwajiri akishajua kwamba wazee wa Chama hiki hawaandiki ila ukweli, barua yao itakuwa na thamani kuliko ya watu wakubwa.

Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano mashauri matatu, tukipenda yaingizwe katika kazi za mwaka ujao. La kwanza, wanachama wanne au watano wanaofanya kazi za afisini wakae jioni moja kila mwezi, wazisome barua za vijana kabla hazijapelekwa, na kuzisahihisha. La pili, kila mwanachama anayeacha kazi akumbushwe kudai cheti chake cha utumishi, na Chama kimwandikie barua ya kudai ikiwa hajui kuandika. La tatu, sehemu ya fedha za msaada itumike kuwalipia ada ya mtihani wa ufundi vijana wawili au watatu ambao mafundi wao watawashuhudia. Nadhani fedha hiyo itakuwa ndogo kuliko zile tulizochanga kuwaokoa waliotapeliwa.

Siwezi kusema kwamba kila atakayejiandaa atapata kazi. Nafasi ni chache na watu ni wengi, nanyi mwalijua hilo kuliko mimi. Lakini nafasi ikitokea, itakuwa aibu kwetu ikiwa kijana wetu hodari alikosa, si kwa sababu alishindwa kazi, bali kwa sababu hakuna aliyemwonyesha namna ya kuitaja.